Mgeni Msikitini: Mwongozo Kamili kwa Asiye Mwislamu Aliyealikwa kwenye Ndoa, Maziko au Ziara

Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, haupiti muda mrefu kabla ya mtu asiye Mwislamu kuhitajika msikitini. Mfanyakazi mwenzake anaoa, na kadi inasema kwamba ndoa itafungwa msikitini baada ya sala ya isha. Jirani yake amefiwa, na jeneza litasaliwa adhuhuri. Mwalimu anawapeleka wanafunzi wake Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuuona msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na ambao mpaka leo unasaliwa. Wengi wa wageni hawa huishia ng'ambo ya barabara wakisubiri wenyeji watoke, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kama wanaruhusiwa kuingia, waketi wapi, na wafanye nini watu watakapoanza kusali. Jambo hili huniuma kila ninapoliona, kwa sababu aliyemwalika mgeni alitaka awe ndani, na mgeni mwenyewe alitaka awe ndani.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Karibu kila hatua iliyomo imejengwa juu ya jambo moja: wakati wowote msikitini huenda yupo mtu anayesali, na adabu ya mgeni ni kutomkatiza mtu huyo wala kuchafua mahali atakapoweka paji la uso wake. Mgeni akilishika hilo, ataweza kujiamulia mwenyewe hata katika mambo ambayo sikuyataja.

Kabla ya siku yenyewe: ruhusa, saa na mavazi

Jambo la kwanza ni ruhusa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, asiye Mwislamu huingia msikitini kwa idhini ya Mwislamu, isipokuwa Makka, ambako haruhusiwi kuingia. Mwaliko wa ndoa au wa maziko ni idhini tosha. Anayekwenda kwa ziara tu, bila mwenyeji, amtafute imamu, muadhini au mtunzaji wa msikiti, ajitambulishe na kueleza haja yake. Jambo hili si geni katika Uislamu. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwapokea wajumbe Wakristo wa Najran katika msikiti wake wa Madina, na Thumama bin Uthal, kabla hajasilimu, alikaa siku kadhaa ndani ya msikiti huohuo akiwa mateka.

La pili ni saa. Sala za faradhi ni tano: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Kati ya adhana na kukimiwa kwa sala, yaani wito wa pili wa kuianza, hupita dakika chache, kwa kawaida kumi hadi ishirini, isipokuwa magharibi, ambayo hukimiwa mapema zaidi. Sala yenyewe huchukua kama dakika kumi. Mwenye ziara ya kuutazama msikiti achague asubuhi, baina ya saa tatu na saa tano, wakati ndani pana watu wachache. Ijumaa mchana aiache kabisa, ila kama amealikwa kusikiliza hotuba. Mwenyeji akisema "ndoa ni baada ya isha", ana maana kwamba ndoa itaanza pale sala itakapomalizika, na mgeni anayetaka nafasi nzuri na utulivu afike sala ikiwa bado haijaanza.

La tatu ni mavazi, na hapa wageni hujisumbua bure. Mwanamume hahitaji kununua kanzu wala kofia. Suruali ndefu safi isiyobana, shati lenye mikono na soksi zisizotoboka vinatosha. Asiingie kwa kaptula. Aepuke pia fulana yenye picha, jina la mchezaji au tangazo la kamari au pombe mgongoni, kwa kuwa mgongo huo ndio utakaokuwa mbele ya macho ya anayesali nyuma yake. Mwanamke avae gauni refu lisiloonyesha mwili, lenye mikono mirefu, na mtandio mpana unaofunika nywele, shingo na kifua. Mtandio wa hariri huteleza kila anapoinama, kwa hiyo wa pamba ni bora. Kuazima baibui kwa rafiki si aibu hata kidogo; nyumba nyingi za pwani zina la akiba kwa ajili hiyohiyo.

Kuna na harufu. Ipo hadithi sahihi ya Mtume inayomtaka aliyekula kitunguu kibichi au thomu asiukaribie msikiti, na ukitazama jinsi watu wanavyosimama bega kwa bega katika safu, sababu yake inaonekana bila kuelezwa. Kwa hiyo mgeni aache sigara kabla ya kuingia na asukutue kinywa. Mwanamke apunguze manukato.

Simu izimwe kabisa akiwa bado nje. Kuiacha katika mtetemo hakusaidii, maana simu inayotetemeka juu ya sakafu ya saruji husikika msikiti mzima pale watu wanaposujudu na kimya kinapotanda.

Mlangoni

Niliwahi kuhudhuria ndoa moja Mjini Unguja, akaingia mgeni aliyekuwa amevalia vizuri sana, suti nyeusi, viatu amevishika mkononi kama alivyoona wenzake wakifanya. Tofauti ni kwamba alivishika nyayo zikiangalia chini. Mvua ilikuwa imenyesha alasiri, na kila hatua aliyopiga ilidondosha mchanga wa maji juu ya zulia, mstari mrefu kutoka mlangoni hadi karibu na mimbari. Mzee mmoja aliinuka bila neno, akavipokea vile viatu, akavibana nyayo kwa nyayo, akaenda kuvipanga kizingitini, kisha akamshika mgeni mkono hadi kwenye nguzo akamkalisha ubavuni pake. Mgeni hakujua kosa lake lilikuwa nini mpaka tulipotoka. Tangu siku hiyo nikimwalika mtu msikitini huanza kumweleza habari ya viatu.

Mpaka wa viatu ndio huu: tazama watu wanapovulia, usivuke hapo hata hatua moja ukiwa umevaa. Mara nyingi ni ngazi ya mwisho au ukingo wa zulia la ukumbini. Vua kiatu cha kushoto kwanza, ukanyage juu yake, kisha vua cha kulia, na mguu huo wa kulia ndio utangulie kuingia, kwa kuwa Waislamu huingia msikitini kwa mguu wa kulia na kutoka kwa wa kushoto. Viatu vipange rafuni au pembeni, pasipo njia ya watu. Ukihofia kupotelewa, chukua mfuko wa kuvitia. Usipokuwa na mfuko, vibane nyayo kwa nyayo na uvibebe kwa mkono wa kushoto.

Jihadhari na upande wa vyoo na mahali pa kutawadhia. Hapo sakafu ina maji, na kandambili zilizowekwa pale ni za kuvaliwa palepale. Ukiingia na soksi zitalowa, na ukirudi nazo ndani utaacha alama za unyevu juu ya zulia ambalo watu wanajitahidi kulitunza likiwa twahara, yaani safi kwa kusalia. Zamani kazi ya kandambili ilifanywa na mitalawanda, viatu vya mbao, na katika misikiti ya kale ya pwani, ukiwemo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, bado yanaonekana mawe yaliyowekwa karibu na birika kwa ajili ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Mgeni halazimiki kutawadha, kwani udhu ni wa anayesali. Akitaka kutazama wenzake wanavyoosha mikono, uso na miguu, asimame kando asiwazuie zamu.

Salamu hutolewa kwa sauti ya chini. "Asalamu alaykum" inakubalika kutoka kwa mtu yeyote, na kwa wazee wa barazani "shikamoo" ni salamu njema vilevile. Mwanamume asimnyooshee mkono mwanamke, wala mwanamke asimnyooshee mwanamume, mpaka mwenyewe aanze. Asiyepewa mkono asidhani amedharauliwa, kwani anayeweka kiganja kifuani anasalimia kwa heshima kamili.

Ndani: pa kuketi na pa kupita

Ukishaingia, simama kidogo utambue kibla kiko upande gani. Utakitambua kwa mihrabu, ile nafasi iliyochongwa ukutani anaposimama imamu, na kwa mistari ya zulia. Kwa sisi wa Unguja na Lamu, Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliita kaskazini "kibla". Upande wa kibla ndiyo mbele ya msikiti, na nafasi yako ni nyuma: kwenye ukuta wa nyuma, kando ya nguzo, au ukumbini. Safu ya mbele huwahiwa na wanaosali kwa ajili ya fadhila zake, na mgeni akikaa hapo atavunja safu ambayo inatakiwa iwe imeungana.

Keti chini, miguu umeikunja. Mwenye ugonjwa wa magoti aombe kiti bila haya, kwa kuwa misikiti mingi ina viti kwa ajili ya wazee. Usinyooshe nyayo kuelekea kibla wala kuelekea mtu. Misahafu iliyo rafuni iache mahali pake, na ukionyeshwa mmoja usiuweke sakafuni.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ni kubwa zaidi kuliko la viatu, ingawa halionekani: kukatiza mbele ya anayesali. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume amesema kwamba apitaye mbele ya anayesali angelijua dhambi yake, kusimama arubaini kungekuwa bora kwake, na mpokezi hakukumbuka kama ni siku, miezi au miaka. Kwa hiyo pita nyuma ya watu, hata kama ni lazima uzunguke msikiti mzima. Ukikosa njia, simama usubiri. Rakaa mbili hazizidi dakika chache.

Lipo jambo moja ambalo hata wenyeji hulisahau kumwambia mgeni. Unaweza kuwa umekaa kwa utulivu, akaja mtu aliyechelewa akaanza kusali nyuma yako. Hukumkatiza, yeye ndiye aliyekuchagua uwe kizuizi chake, yaani sutra, na mgongo wako sasa unamkinga na wapitao. Usistuke ukainuka. Kaa hivyohivyo mpaka atoe salamu.

Upande wa wanawake unahitaji kuulizwa mapema. Mtume aliwakataza watu kuwazuia wanawake misikiti, na misikiti mingi mipya huwa na ghorofa au chumba chao chenye mlango wake. Lakini misikiti kadhaa ya zamani katika mitaa yetu haina sehemu hiyo, na mgeni wa kike aliyefika bila kuuliza huachwa amesimama uani. Kumwacha hivyo ni kosa la mwenyeji. Amwambie kabla ni mlango upi, na nani atampokea.

Sala inapokimiwa

Utasikia adhana fupi ya pili, na watu wote watainuka kwa pamoja na kujipanga. Hapa mgeni ana hiari mbili tu zilizo sawa: kubaki ameketi nyuma kimya, au kutoka ukumbini. Asijiunge kuiga rukuu (kuinama) na sujudu kwa kudhani ndiyo heshima. Sala ni ibada yenye nia na masharti, na hakuna anayemtaka mgeni ajifanye anaamini asichokiamini.

Ukitazama, usishangae watu wakitofautiana. Washafii hufunga mikono chini ya kifua, Waibadhi, ambao Unguja wana misikiti yao tangu enzi za Waomani, huiachia pembeni, na kwa Mashia Ithnaashari utaona kibonge kidogo cha udongo mahali pa kusujudia. Usikikanyage wala usikiokote ukidhani kimedondoka. Mwisho wa sala wengi hugeuza uso kulia, kisha kushoto, akitamka salamu. Aliye karibu nawe akikugeukia hivyo, usimjibu, maana hiyo ni sehemu ya sala yake. Baadaye hufuata nyiradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu, na dua. Subiri mpaka watu wajifute nyuso kwa viganja, ndipo uinuke.

Siku ya Ijumaa utaratibu ni mkali zaidi. Khatibu, yaani mtoa hotuba, akishapanda mimbarini hakuna mazungumzo, na hadithi inasema kwamba hata anayemwambia mwenzake "nyamaza" amefanya upuuzi. Khatibu hukaa kidogo katikati ya hotuba mbili. Mgeni asidhani imekwisha.

Ndoa

Kwa desturi ya pwani bibi harusi huwa hayupo msikitini. Yuko nyumbani na wanawake wenzake, kwa hiyo mgeni wa kike aulize vizuri kadi yake inamwalika wapi. Msikitini baada ya sala watu hujisogeza karibu na mihrabu, bwana harusi akakaa ana kwa ana na walii wa mwanamke, yaani msimamizi anayemwozesha, au mtu aliyewakilishwa na walii huyo. Husomwa hotuba ya ndoa, kisha walii anatamka kumwozesha kwa mahari waliyokubaliana, na bwana harusi anajibu papo hapo kwamba ameikubali ndoa hiyo. Maneno haya ndiyo ndoa yenyewe na hutamkwa kwa sauti ya kawaida, kwa hiyo anayenong'ona nyuma anawanyima wenzake kuyasikia. Hapana kupiga makofi wala vigelegele humo ndani. Furaha huonekana katika yanayofuata: marashi yananyunyizwa, udi unazungushwa, halua na kahawa vinapita. Pokea na ule kwa mkono wa kulia. Akikufikia mwenye mrashi, kinga viganja.

Picha ndipo watu wanapokosana. Ruhusa ya bwana harusi peke yake haitoshi, inahitajika na ya msikiti. Hata ikitolewa, usimpige picha anayesali, usitangulie mbele ya watu kutafuta pembe nzuri, na usijipige picha ukiwa umesimama ndani ya mihrabu.

Maziko

Sala ya jeneza husaliwa kwa kusimama tu, takbira nne (kutamka "Allahu Akbar"), bila rukuu wala sujudu, na huisha kabla mgeni hajajua kuwa imeanza. Kaa nyuma au simama nje pamoja na wengine. Baada yake jeneza hutolewa kwa haraka na kupokezanwa begani hadi makaburini. Wenyeji wakikupisha chini ya jeneza, beba hatua chache, kisha mpishe anayefuata. Wafiwa waambie "poleni kwa msiba", watakujibu "tumeshapoa". Maua hayana nafasi hapa. Ukitaka kusaidia, peleka rambirambi nyumbani msibani. Kwa desturi ya sehemu nyingi za pwani wanawake hawafuatani na jeneza, na pahali pa mgeni wa kike ni kwa wafiwa wanawake.

Ziara, futari na misikiti ya mbali

Anayezuru kwa kutazama amfuate mwenyeji na asipande mimbari wala mnara bila kuambiwa. Sanduku la mchango likiwapo, atoe kwa hiari. Katika msikiti mkuu wa kilima cha Old Kampala wageni hupewa mwongozaji na vitambaa vya kujistiri, na kule Muscat, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, kwa miaka mingi umekuwa ukiwapokea wasio Waislamu asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa. Msikiti wa Mandhry wa Mombasa, wa mwaka 1570, upo ndani ya mtaa wa watu, na huko idhini huombwa palepale kwa wenyeji. Jamatikhana, yaani nyumba za ibada, za Waismailia na misikiti ya Mabohora zina taratibu zake, uliza kwanza.

Ukialikwa kufuturu Ramadhani, fika kabla jua halijatua na usionje chochote mpaka adhana. Watu watafungua kwa tende na maji, watasali magharibi, na ndipo sinia zitakapowekwa.

Ukikosea, na nikikosewa mimi mwenyeji

Mgeni akivutwa mkono wa shati na kuelekezwa, aseme "samahani" na kufuata, bila kujieleza kirefu. Nina neno pia kwa Waislamu wenzangu, kwa sababu nimeona mgeni akikemewa mbele ya watu hadi akaondoka kabla ya ndoa kufungwa. Bedui mmoja aliwahi kukojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Masahaba wakamkemea, Mtume akawaambia wamwache amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe juu ya mkojo, na akawakumbusha kwamba wametumwa kurahisisha mambo. Mchanga wa kiatu ni mdogo kuliko huo. Aliyealika amngojee mgeni wake mlangoni, amwonyeshe pa kuweka viatu, aketi naye nyuma hadi sala ikimiwe, na akishasali arudi pale alipomwacha.

Wakati wa kutoka, tanguliza mguu wa kushoto, vaa viatu ukiwa umeshavuka kizingiti, na usisimame mlangoni kuzungumza huku watu wakisukumana nyuma yako. Wazee watakuwa wameshakaa barazani. Waage, na muuza kahawa akipita na dele lake, ukakaribishwa kikombe, keti unywe.